Mikoko ya Pwani na Walioihesabu

Mtu apimaye vyumba vya nyumba za kale za mawe katika Lamu, au katika Mji Mkongwe wa Unguja, au katika magofu ya Gede na Kilwa Kisiwani, ataona kwamba upana wake aghalabu hauzidi mita 3, ingawa urefu wake huweza kuwa mara mbili au tatu ya kipimo hicho. Na lau angevuka bahari akapima vyumba vya nyumba za kale za Kuwait na Bahrain, angekuta kipimo kisichotofautiana sana na kile alichokiacha nyuma. Sababu yake haikuwa ufukara wa wenye nyumba, maana wengi wao walikuwa watu wa mali na fahari, wala haikuwa upungufu wa ustadi wa waashi. Sababu ilikuwa boriti, gogo la mkoko lililonyooka, gumu, zito, lisiloliwa upesi na mchwa, ambalo likilazwa juu ya kuta mbili ili libebe dari ya mawe na chokaa haliwezi kuubeba mzigo ule kwa salama zaidi ya urefu huo. Hivyo mti uotao katika matope, mahali ambapo mtu hawezi kupita bila ya kuzama magotini, ndio uliowakadiria masultani na matajiri wa pande mbili za Bahari ya Hindi upana wa kumbi zao.

Biashara ya mti huo ni kongwe kuliko dola yoyote iliyopata kudai mamlaka juu ya pwani yetu. Katika karne ya 10 al-Istakhri, mwanajiografia wa Kiajemi, alipoieleza Siraf, bandari tajiri ya pwani ya Uajemi, alitaja kwamba nyumba zake za ghorofa zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zinj. Ghuba ya Uajemi ilijaliwa lulu na tende lakini haikujaliwa misitu. Katika pwani yake ya Waarabu mkoko uotao ni mchu peke yake, nao hudumaa kwa ukali wa chumvi na baridi, haufai dari wala nguzo. Kwa hiyo kila mwaka kaskazi ilipoanza kuvuma majahazi yaliteremka na tende, chumvi, papa mkavu, mazulia na mitungi, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Unguja na Rufiji. Na baada ya maleleji, kusi iliposhika, yaligeuza omo kuelekea kwao yakiwa yamelemewa na boriti. Wenyeji wa Ghuba waliziita chandal, wakazipaka rangi, wakazilaza dari hata dari, na baadhi yake zingali zimebeba paa mpaka leo katika nyumba ambazo wajukuu wa waliozijenga wamezigeuza makumbusho.

Walioifanya kazi ya kukata walikuwa na ilimu yao, nayo haikuwa haba. Miti waliigawa kwa unene wake, wakaanza na fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo na banaa, na hesabu yake ilikuwa kwa korija, yaani miti 20. Mkataji wa Kibajuni, atokaye Kizingitini au Ndau, alingojea bamvua, maji yakiwa makubwa kiasi cha kuifikisha mashua yake ndani kabisa ya mikono ya bahari, akapiga dago na wenzake kwa majuma kadha wa kadha, akiwa na mapipa ya maji ya kunywa aliyoyachukua kwao, kwa kuwa mahali pale pana maji kila upande wala hapana tone la kunyweka. Na maji mafu yalipokuja ndipo alipotulia akanoa shoka na kutengeneza alichokata. Aliijua miti kwa majina na kwa tabia. Mlilana ulitoa mataruma ya vyombo, na mizizi yake ipumuayo, iliyo myepesi, ilitoa maboya ya nyavu. Gome la mkandaa lilitoa rangi ya kutilia mikeka na nyavu. Mchu ulikuwa kuni. Mkomafi ulikuwa dawa ya tumbo. Na mkoko wenyewe, pamoja na msindi, ulikuwa nyumba.

Sisemi kwamba wazee wale walikuwa mawalii wa misitu. Walikata walichokihitaji na walichoweza kukiuza, na mti mnyoofu waliuchukua wakauacha uliopinda, hata katika vijito vilivyo karibu na miji ikatokea misitu ya miti iliyokunjamana ambayo hakuna aliyeitaka. Walakini mahitaji yao yalikuwa mengi na ya namna nyingi, kwa hiyo hawakupata kuutazama msitu kwa jicho moja. Yule yule aliyekata boriti alivua kamba na kaa katika kijito kile kile, na mkewe aliokota kuni na chaza humo, nao wote walijua kwamba pakikatwa pote hapatabaki pa kuvulia. Jambo hili naliona kubwa kuliko hekima nyingine yoyote tunayopenda kuwasifia wazee.

Inafaa tuutazame msitu wenyewe, kwa kuwa bila ya kuujua hatutaelewa walioufuata walikosea wapi. Katika pwani ya Kenya na Tanzania aina za mikoko zijulikanazo sana ni 9, nazo hazikuchanganyika ovyo bali zimejipanga kwa kadiri kila moja inavyostahimili chumvi na muda wa kufunikwa na maji. Mlilana husimama mbele ukiikabili bahari; nyuma yake mkoko wenye mizizi iliyojipinda kama miguu ya kaa; kisha msindi na mkandaa; kisha nyuma kabisa, mahali ambapo maji hufika wakati wa bamvua tu na jua huiacha chumvi ikimetameta juu ya udongo, mchu na kikandaa; na mahali ambapo mto humimina maji matamu, msikundazi. Mbegu ya mkoko haingoji kuanguka ndipo iote: huota ingali imening'inia juu ya mama yake, ikarefuka kama fimbo ya kijani, kisha ikaanguka ikajichoma matopeni au ikaelea na mkondo hata ikapata pwani nyingine. Katika mizizi ile hujificha watoto wa samaki ambao wakikua huhamia kwenye miamba ya matumbawe, na kamba ambao hukulia humo kabla ya kurudi bahari kuu. Majani yaangukapo kaa wadogo huyaburuta mashimoni mwao, mengine wakala, mengine wakayaacha yazikwe. Na mashimo hayo huyaingiza maji na hewa kwenye udongo ambao vinginevyo ungeidhuru mizizi kwa kukosa pumzi.

Na hapa ndipo ilipo siri ambayo dunia imeitambua juzi tu. Matope ya mikoko, chini ya ngozi yake ya juu, hayana hewa ya oksijeni, na kitu kilichokufa kikizikwa humo huoza polepole mno. Majani, mizizi na vumbi la miti hulimbikizana tabaka juu ya tabaka, na kaboni ambayo mti uliivuta kutoka angani hukaa humo mamia ya miaka na hata maelfu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011, uliopima mikoko katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi na Pasifiki, ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa kila hekta, sehemu kubwa ikiwa udongoni wala si katika miti, kiasi ambacho misitu mingi ya nchi kavu haikifikii. Akate mtu mikoko kisha aufukue udongo wake, amefungua ghala lililofungwa tangu kabla ya Hijra. Mtu ataona, basi, kwamba kaa, samaki, boriti na hewa ya ukaa si mambo manne yaliyokutana mahali pamoja kwa bahati. Ni kazi moja, ambayo huwezi kuiondoa sehemu yake ukatumaini kwamba zilizobaki zitaendelea kama kwamba hapakutokea kitu.

Serikali ya Wadachi, yaani Wajerumani, ilipoingia ilikuja na jicho moja. Mwaka 1898 iliiweka mikoko ya delta ya Rufiji chini ya mamlaka ya idara yake ya misitu, ikaweka ofisi Salale, na tangu hapo aliyetaka kukata, awe nahodha wa Kiarabu au mwenyeji aliyezaliwa ukingoni mwa kijito kile, ilimlazimu kuwa na ruhusa na kutoa malipo. Watu wengi huijua delta ile kwa ajili ya Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyojificha humo mwaka 1914 hata Waingereza wakaiangamiza mwezi wa Julai 1915, na vitabu havikomi kuisimulia. Lakini meli ile ilikaa miezi tu, na cheti cha Salale kikakaa zaidi ya serikali iliyokianzisha. Hayo yangeweza kuitwa hifadhi, na wenyewe waliyaita hivyo, lau si kwamba hazina iliyokuwa ikitazamwa ilikuwa gome. Magome ya mikoko yana dawa ya kutengenezea ngozi, na viwanda vya Ulaya wakati ule vilikuwa na kiu kubwa ya dawa hiyo. Basi mti ulichunwa, gome likakaushwa na kupakiwa melini, na mara nyingi gogo lililochunwa likaachwa lioze pale pale. Mkataji wa boriti huuacha msindi mchanga upate kukua. Mchuna magome hana sababu ya kuuacha wowote. Waingereza waliowafuata hawakuigeuza sana tadbiri hiyo, na upande wa Kenya mwaka 1932 ardhi yote ya mikoko iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ilitangazwa kuwa msitu wa serikali. Kuanzia siku ile mvuvi wa Lamu aliyekata nguzo ya nyumba yake pasipo cheti akawa mwizi.

Biashara ya majahazi, hata hivyo, iliendelea juu ya mabega ya sheria hizo. Mwishoni mwa mwaka 1938 Alan Villiers, baharia wa Australia aliyeona kwamba vyombo vya tanga vya dunia vinakwisha, alipanda huko Aden bumu la Kuwait lililoongozwa na Nahodha Ali bin Nasser al-Nejdi, akateremka nalo mpaka Unguja na kisha Rufiji, na kitabu alichokichapisha mwaka 1940 ni mojawapo ya hati bora tulizo nazo kuhusu mambo hayo. Aliyoyaona Rufiji hayakumpendeza: joto, mbu, matope, mabaharia waliodhoofika kwa homa, na mzigo wa boriti uliokwenda ukipanda chomboni siku baada ya siku pasipo kuisha. Nionavyo mimi, msomaji wa leo hupata humo jambo ambalo Villiers hakulikusudia. Mabaharia wale, waliokuwa na deni kwa nahodha wao kama vile nahodha alivyokuwa na deni kwa mfanyabiashara wa Kuwait, na wakataji wa Rufiji waliolipwa kidogo zaidi kuliko wao, walikuwa watu wa mwisho katika mnyororo mrefu ambao kila kiungo chake cha juu kilipata zaidi na kukanyaga matope kidogo zaidi.

Kilichoivunja biashara ile hakikuwa huruma juu ya miti. Mwaka 1946 Kuwait ilianza kusafirisha mafuta yake, na kwa fedha ya mafuta zikaja saruji na nondo, na chumba kikaweza kuwa na upana wowote autakao mwenye nyumba. Ni ajabu ya tarikhi kwamba mafuta yale yale yaliyouokoa mkoko na shoka la Ghuba ndiyo, kwa moshi wake na moshi wa mafuta ya nchi nyingine, yaliyozidisha joto la dunia ambalo leo huinua maji ya bahari na kuusukuma mkoko nyuma kuelekea nchi kavu, ambako aghalabu hukuta shamba, barabara au ukuta wa hoteli. Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti nje mwaka 1982, na Tanzania mwaka 1987 ikasimamisha ukataji wa mikoko katika pwani yake yote ya Bara. Zilikuwa amri nyepesi kutoa, kwa sababu soko lenyewe lilikuwa limekwisha kufifia.

Mikoko haikupumua. Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, ilikuwa imekatwa katika miaka ya 1970 iwe kuni za viwanda, na pale ilipokatwa yote pakabaki uwanja wa mchanga ambao haukuota kitu kwa miaka mingi. Kwingineko ilifyekwa ipishe mabwawa ya chumvi. Mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kutoka mashamba ya bara, likaifunika mizizi ya kupumulia katika mkono wa bahari wa Mwache, na miti ikafa imesimama. Katika miaka hiyo hiyo ulikuja mradi wa kuchimba maelfu ya hekta za mabwawa ya kufugia kamba katika delta ya Rufiji, ukaidhinishwa, ukapingwa na wanavijiji, waandishi wa habari na wanasheria hata mahakamani, na mwisho haukutimia. Kamba wa delta ile walikuwa wakizaliwa humo bure. Kuikata nyumba yao ili kuwafuga hapo hapo kwa chakula cha kununua lilikuwa shauri ambalo mvuvi asiyejua kusoma aliona kasoro yake mara moja, na wataalamu wa uchumi wakahitaji kesi.

Mtu mmoja aliyejaribu kuutazama msitu kwa macho yote alikuwa Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeongoza mpango wa kusimamia mikoko ya Tanzania Bara uliotolewa mwaka 1991. Badala ya kuufunga msitu wote au kuufungua wote, mpango ule uliugawa katika sehemu za namna 4: pa kuhifadhiwa kabisa, pa kuvunwa kwa utaratibu, pa kupumzishwa mpaka pakae sawa, na pa kutumiwa kwa maendeleo mengine, na katika hesabu yake Rufiji peke yake ilikuwa na hekta zipatazo 53,000. Utekelezaji wake haukufanana na maandishi, kama ilivyo kawaida ya mipango, lakini ulikuwa na insafu ya kukiri kwamba watu wamo ndani ya msitu na kwamba wataendelea kuwamo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 1992, mataifa yalikutana Rio de Janeiro yakatia sahihi mapatano mawili, moja la tabianchi na jingine la bayoanuwai, yaani wingi wa namna za viumbe. Kila moja likapata ofisi yake, Bonn kwa lile la tabianchi na Montreal kwa lile la bayoanuwai, na mikutano yake, na wataalamu wake, na fedha zake. Nchi zetu, ambazo huiga hata mpangilio wa meza, zikayagawa mambo hayo katika idara mbalimbali, na mkoko ukajikuta una walinzi wawili wasiosalimiana: mmoja akiuhesabu kwa tani, mwingine kwa ndege na nguva. Ilichukua karibu miaka 30 hata jopo la wataalamu wa tabianchi na lile la bayoanuwai yakaitisha mkutano wa pamoja kwa mara ya kwanza, mwezi wa Desemba 2020, na ripoti ya wataalamu 50 waliokutana ikatoka Juni 2021. Walisema, kwa lugha yao ya tahadhari, kwamba tabianchi na viumbe ni tatizo moja lenye nyuso mbili. Kwamba hatua nyingi za kuwahifadhi viumbe huisaidia hewa pia. Na kwamba kinyume chake si lazima kiwe kweli, maana mtu aweza kupanda msitu wa mti wa aina moja mahali pasipostahili, akapata tani zake za kaboni, na akawa ameangamiza kila kilichokuwa kikiishi hapo.

Onyo lile la mwisho pwani yetu ilikwisha kuliona kwa macho. Upande wa kaskazini wa delta ya Rufiji, mto ulipohamishia maji yake mengi huko mwishoni mwa miaka ya 1970, udongo ukawa mtamu, na Warufiji wakafyeka mikoko wakalima mpunga, kilimo ambacho ndicho chakula chao. Fedha za kaboni za dunia zilipoanza kunukia iliarifiwa kwamba mwaka 2011 vibanda na mashamba ya baadhi ya wakulima hao yaliteketezwa ili waondoke, na mwaka uliofuata watafiti wawili wakachapisha makala wakidai kwamba haya ni matunda ya kuutazama msitu kama ghala la kaboni. Shirika la hifadhi lililotajwa katika makala hiyo likakanusha, na ikhtilafu ile ikaendelea kwa muda katika majarida ya kitaalamu. Sina nia ya kuamua kesi ya watu wengine. Lakini mzee wa delta aliyeisikia hadithi ya cheti cha Salale kutoka kwa babu yake hakuwa na sababu ya kuiona hadithi hii kuwa mpya: gome, kisha kamba, kisha hewa, na kila mara mtu wa kuhamishwa ni yeye.

Huko Gazi mambo yalikwenda kwa njia nyingine, polepole, tena kwa kuanza na matope. Mwaka 1991 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ilianza kupanda mikoko katika ule uwanja uliobaki mtupu, na mtaalamu James Kairo akaifanya kazi hiyo kuwa kazi ya umri wake; wakajifunza aina gani huota wapi, na baada ya miaka wakapima wakaona kwamba kaa na samaki wanarudi kadiri miti inavyozidi kukua, ingawa si wote na si kwa upesi. Ni baada ya hayo tu, mwaka 2013, ndipo vijiji vya Gazi na Makongeni vilipoanzisha Mikoko Pamoja, mradi wa kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, tani zipatazo 3,000 kwa mwaka, na fedha yake ikaleta maji ya bomba na vifaa vya shule. Walipanda mivinje pia, mbali na maji, ili mtu atakaye mti wa kujengea aupate bila ya kuingia msituni. Umoja wa Mataifa uliutunuku mradi ule tuzo ya Equator mwaka 2017, na majirani wa Vanga, Jimbo na Kiwegu nao wakaanzisha mradi wao mkubwa zaidi wa hekta 460. Si Pepo: hekta 117 ni kidogo mno katika nchi yenye hekta zipatazo 61,000, ambazo zaidi ya nusu ziko Lamu, na bei ya tani huamuliwa na wanunuzi wa mbali kama zamani ilivyoamuliwa bei ya korija. Hata hivyo hapo ndipo mahali ambapo nimeona kaa, boriti, maji ya kunywa na hewa vimeandikwa katika daftari moja.

Lamu yenyewe ilipata somo chungu. Mwezi wa Februari 2018 Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu yote ya serikali, kwa sababu ya mito ya bara iliyokuwa ikikauka, na amri ile ikawakumba wakataji wa boriti wa Lamu, ambao hawajapata kukata mti ulio karibu na mto wowote wa bara. Familia zilizoishi kwa shoka kwa karne nyingi zikakaa pasipo kazi, ilhali huko Magogoni bahari ilikuwa ikichimbwa ipate bandari mpya. Shoka la maskini lilikamatwa. Mtambo haukuulizwa cheti.

Sasa hivi kila mtu anapanda mikoko. Falme za Kiarabu, ambazo bandari zake zilinunua boriti zetu, ziliahidi mwaka 2021 kupanda mikoko milioni 100 kufikia mwaka 2030, nazo hupanda mchu, ambao ndio wa kwao. Huku kwetu shule, benki na viongozi huja pwani na fulana mpya, wakachomeka miche ya mkoko kwa safu zilizonyooka, mara nyingi kwa kuwa mche wa mkoko ni rahisi kuokota na kuchomeka, hata katika uwanja wa mchanga ambao ni wa mchu, au juu ya majani ya bahari yanayolisha nguva na kasa na yenye kaboni yake wenyewe udongoni. Bamvua mbili tatu zikipita miche imekufa, lakini picha zimekwisha kuchapwa. Mahali pengi dawa iliyo bora ni kuifungua njia ya maji iliyozibwa na tuta la chumvi au barabara, kisha kuuacha mkondo ulete mbegu za aina zote. Kazi hiyo haina sherehe, na labda ndiyo sababu hatuisikii.

Kenya ilirekebisha sheria yake ya tabianchi mwaka 2023, ikaamuru kwamba katika miradi ya kaboni iliyo juu ya ardhi jamii ya mahali ipate si chini ya asilimia 40 ya mapato. Ni bora mara nyingi kuliko alichopata mchuna magome wa Salale. Ikiwa nawe, msomaji, unaishi Pate au Tumbatu, Kilwa au Vanga, na mjumbe wa kampuni akaja kijijini na karatasi zake, usimfukuze wala usimkimbilie. Muulize asilimia 40 ya nini, kabla au baada ya gharama zake. Muulize mkataba ni wa miaka mingapi, na mwanao akitaka pau za nyumba yake atazikata wapi. Muulize nani atahesabu kamba na kaa, na hesabu hiyo ikipungua huku tani zikipanda nani atawajibika. Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yasomwe mbele ya watu wote, wavuvi na wakataji wakiwamo, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.